Kiraka cha Makamasi

Lori la shangazi yangu lilikuwa na nyufa mbili, na kupitia nyufa hizo mtaa mzima ulikuwa unarudishiwa kile ulichokwisha kukiaga.

Ni lori la majitaka. Tunakuja kwako, tunatumbukiza bomba kwenye shimo lako la choo, pampu inaguguna, na yale mambo uliyoyafanya mlango ukiwa umefungwa yanapanda kwenye tangi mchana kweupe. Kisha tunayapeleka kwenye mabwawa nje ya mji. Sisi ni wasafirishaji tu, mzigo ni wenu. Lakini tukipita watu wanaziba pua kana kwamba ni sisi tuliokula, sisi tuliokwenda chooni, na sisi tuliosahau kumwaga maji.

Shangazi ndiye mwenye lori na ndiye dereva. Mimi, mtoto wa kaka yake, nilimaliza kidato cha nne nikapata daraja ambalo nyumbani halitajwi mbele ya wageni, basi nikakabidhiwa bomba.

Sasa, kama yupo binadamu mwenye kinyaa kumshinda shangazi, basi alikwisha kufa zamani kwa kuona leso yenye doa. Ovaroli yake inapigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata kitunguu. Usukani ameuvisha taulo jeupe. Bafuni kwake kuna sabuni ya mikono, sabuni ya viwiko, na nyingine ambayo naapa ni ya kuoshea hizo sabuni. Lori lenyewe analisugua kwa nta mpaka ukisimama ubavuni unaweza kuhesabu meno yako.

"Kazi chafu haimtaki mtu mchafu," huniambia. "Mtu akiona kitu kinang'aa, hana la kusema."

Mama yake, yaani bibi yangu, ana maoni tofauti. Tukirudi jioni ananiona kwa mbali na kuinua fimbo.

"Mume wangu! Simama hapo hapo. Upepo unatokea upande gani?"

"Unatokea kwangu kuja kwako, mke wangu."

"Basi zunguka nyumba. Nilikubali kuolewa na kijana, sikukubali kuolewa na shimo."

"Mapenzi yako yamekwisha?"

"Hayajakwisha. Yanataka tu yaoge kwanza."

Huo ndio utani wa nyumbani. Ule wa mtaani haukuwa utani tena.

Tangi letu si la chuma. Ni la faiba, zile nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, yaani gundi nzito inayokauka ikawa ngumu, jepesi na halishiki kutu. Ubaya wake ni kwamba likipasuka huwezi kuliunga kwa moto, lazima lipakwe resini mpya. Nyufa zilikuwa mbili: moja ubavuni, upande wa dereva, na nyingine tumboni, chini kabisa. Shangazi alikuwa ameziba zote kwa epoksi ya dukani, ile resini ya makopo mawili. Ikikauka inakuwa safi kama kioo cha dirisha. Alivipenda vile viraka vyake kama mtu anavyopenda pete. Lakini kila lori lilipopita kwenye tuta, tulisikia *tak!* na ufa ukarudi, tena mrefu zaidi ya wa kwanza.

Mara ya mwisho *tak!* ilisikika mbele ya duka la mikate. Mwenye duka ndiye mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Michirizi ya kijivu ilianguka mlangoni pake, katikati ya wateja walioshika mikate ya moto. Mama mmoja alitazama chini, akatazama mkate wake, akaurudisha kaunta.

Wiki hiyo hiyo tukaitwa. Bwana Afya, mkaguzi wa afya wa eneo letu, mtu mwembamba wa shati jeupe na viatu visivyojua tope, alimwambia shangazi mbele ya kamati nzima:

"Mama, utajaza lori mzigo halisi. Utapita barabara kuu, matuta yote, halafu utasimama nikutandikie makaratasi chini ya tangi. Likidondoka tone moja, kibali chako nakifuta. Na tangi hilo sitalipatia kibali tena, hata ulipeleke wapi."

"Tone moja?" shangazi aliuliza.

"Nusu," alisema Mwenyekiti.

Shangazi hana kazi nyingine wala lori jingine. Marehemu mumewe alimwachia hilo, na hilo ndilo lililotulisha sisi sote, bibi, mimi na wanawe waliomo shuleni. Njiani kurudi alikuwa anaupangusa usukani kwa kiganja, polepole, kama mtu anayempapasa mgonjwa.

Ndipo nikamwita Fundi Gundi.

Fundi Gundi hutengeneza bampa za magari na mabafu yaliyopasuka. Ni mtu wa kelele na majigambo, na vidole vyake vimejaa gundi kiasi kwamba ukimpa mkono inabidi uanze kuaga mapema. Alikuja, akazunguka lori mara moja, akabandua kipande cha kiraka cha zamani kwa ukucha na kukigonga kwenye jiwe. Kililia kama sahani.

"Kigumu?" aliniuliza.

"Kigumu."

Akakishika kwa vidole viwili na kukipinda kidogo. Kikakatika kama biskuti.

"Mmeweka glasi kwenye lori linalorukaruka. Hebu niambie, msomi, ufa ni nini?"

"Ni mpasuko."

"Ni umbea! Ufa ni umbea. Ukipata njia nyoofu, asubuhi umeanzia kwa jirani, mchana uko mtaa wa tatu. Resini peke yake haina wa kuuzuia. Sasa weka vikongwe viziwi hapa na pale. Umbea ukifika kwa kikongwe kiziwi unafanyaje?"

"Unakufa."

"Unachoka! Unavutwa, unaulizwa 'unasemaje, mwanangu?', unarudiwa tena na tena mpaka unakosa nguvu. Hao vikongwe ndio hawa." Akatoa kwenye mfuko kopo lenye mpira wa majimaji, mzito kama asali iliyozeeka. Nikaunusa. Ulinuka kama kifutio kilichotafunwa na mtoto mwenye mafua.

"Mbona wewe mwenyewe hukumwambia shangazi zamani?"

"Shangazi yako aliniambia nisiguse gari lake kwa mikono hii."

Kabla ya kupaka kitu, mtu alitakiwa aingie ndani ya tangi, akwangue na kukausha kingo za nyufa, kwa sababu resini haishiki penye unyevu. Tulifungua mifuniko yote na kuliacha feni likipuliza humo hadi hewa ile ya kuua ikatoka. Fundi akanifunga kamba kiunoni na kuishika yeye mwenyewe.

"Ukianguka nitakuvuta," alisema. "Ukitapika, geuzia kule."

Nimeambiwa kuna watu hushuka migodini na wengine huingia kwenye mapango. Hao hawajaingia tumboni mwa mtaa wao. Kuta zilikuwa na ukoko mzito, wa kahawia hapa, wa kijani kule, na ndani ya ukoko kulikuwa na maisha ya watu: nywele zilizosokotana kama panya aliyelowa, mbegu za nyanya zisizohesabika, matambara ambayo sitaki kujua yalitumika wapi, mkono wa mwanasesere, na meno ya bandia, seti nzima ya juu, yakinicheka. Kila nilipokwangua, ukoko ulibanduka kwa vipande vyenye unyevu upande wa chini, kama gamba la kidonda ambacho hakijapona. Barakoa haikusaidia kitu. Harufu ile huionji kwa pua, unaionja kwa meno.

Kisha kitu kikadondoka kutoka juu, kikanipiga shingoni, kikateremka mgongoni ndani ya ovaroli. Jua lilikuwa limelipasha tangi joto, kwa hiyo kilikuwa vuguvugu. Hapo ndipo nilipogeuzia kule. Ningekistahimili kikiwa baridi. Vuguvugu kilikuwa kama kimetoka kwa mtu sasa hivi, mtu ninayemjua, anayenisalimia kila asubuhi.

"Uko hai?" Fundi aliita.

"Sijaamua."

Nilipotoka, bibi alikuwa amevuta kiti chake mpaka upande wa pili wa uwanja.

"Mume wangu," alisema kwa huruma ya kweli, "ukifa leo tutakuzika bila kukuosha. Hakuna atakayejitolea."

Nilioga mpaka sabuni ya viwiko ikaisha. Tukachanganya. Fundi aliiweka resini kwenye beseni la maji ya moto ili ilegee, akamimina mpira kidogo, tukakoroga mpaka mkono ukafa ganzi.

"Kama mpira ndio dawa, tuongeze," nilisema.

"Ukizidisha utapata kandambili, si kiraka. Kidogo tu. Na hadina mwisho kabisa." Hadina ni kile kimiminiko kinachoigandisha. "Ukitanguliza hadina, mpira utakuta mlango umefungwa."

Tukapaka kwa nje, kitambaa cha faiba, resini, kitambaa, resini. Ubavuni, nikiwa nimesimama kama mtu mwenye heshima zake. Tumboni, nikiwa nimelala chali chini ya lori, resini ikinidondokea kwenye nyusi. Ilipokuwa mbichi ilionekana safi, ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Shangazi alichungulia kwa mbali, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akaenda kupiga pasi.

Asubuhi alipiga ukelele. Nilitoka mbio nikidhani ameona nyoka.

Alikuwa amesimama ubavuni pa lori lake linalong'aa, leso mdomoni. Katikati ya rangi yake ya buluu kilikuwa kiraka chetu. Kimekauka. Lakini ule usafi wa jana haukuwepo. Kilikuwa na ukungu, cheupe chenye umanjano, kizito, chenye michirizi ya brashi. Nitasema ukweli: kilifanana na makamasi. Kama jitu lenye mafua limepita na kupiga chafya kwenye gari letu, halafu likaondoka bila kuomba radhi.

"Hiki nini?" shangazi aliuliza.

"Kiraka, shangazi."

"Nimekuuliza hiki nini! Mmenipakia kohozi kwenye gari!"

"Kimekauka hivyo tu. Kiguse, kizima kabisa."

"Nikiguse?" Alirudi nyuma hatua. "Nitaanzaje kukigusa? Wewe ungekipangusa tu kama ungekuwa na mama aliyekulea!"

"Mama yangu ni wifi yako."

"Ndiyo maana nasema!"

Nikampigia Fundi simu na kuweka spika. Sauti yake ilijaa uwanja mzima.

"Ukungu? Safi sana! Ndivyo inavyotakiwa! Resini ikianza kuganda, mpira unajitenga, unakuwa vidonge vidogo visivyoonekana kwa macho, ndio hao vikongwe wangu. Ndiyo maana inakuwa kama uji. Ingebaki safi ningekuwa na wasiwasi!"

"Umesikia, shangazi?"

"Nimesikia. Amesema umejitenga." Alizungumza taratibu, kama hakimu. "Yaani hata yeye anakiri haukuchanganyika. Mtu akikupikia mchuzi ukajitenga, unasema asante?"

"Mama, hiyo si—" Fundi alianza. Shangazi akakata simu kwa ncha ya ukucha, kwa sababu simu ilikuwa yangu.

"Tupake rangi juu yake," nilisema. "Hakuna atakayeona."

"Huwezi kupaka poda juu ya jipu. Bwana Afya atakapofika, kitu cha kwanza atakachokiona ni hiki. Mtu wa afya! Atasema gari lina maradhi." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa na hasira, alikuwa na hofu. "Kesho wananinyang'anya kila kitu, na wewe unataka nisimame mbele yao na hii takataka? Leta grenda."

"Shangazi, nakuomba."

"Leta grenda, au nitakibandua kwa meno."

Hilo nilijua hawezi, lakini nilileta. Alivaa glavu juu ya glavu, miwani, leso mbili, akakisaga kiraka cha ubavuni huku uso ameugeuza pembeni kama mtu anayemchinja kuku kwa mara ya kwanza. Vumbi lake jeupe lilipomwangukia kwenye kiatu alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha akafungua epoksi yake ya dukani, akapaka, akasawazisha, akasubiri. Kufikia alasiri ubavu ulikuwa unang'aa kama kioo cha kinyozi.

"Umeona?" alisema.

"Nimeona. Na cha chini?"

Aliinama kidogo, akatazama tumbo la lori, akatazama vumbi, mafuta, na lile dimbwi dogo ambalo nisingependa kueleza lilitoka wapi. Kukifikia kile kiraka ilikuwa lazima ulale chali humo, na uso wako ukaribiane nacho kama mnataka kubusiana.

"Cha chini hakionekani," alisema. "Kiache."

Siku ya ukaguzi tulipakia mzigo kwenye nyumba ya wapangaji nyuma ya soko, shimo ambalo halikuwa limeguswa kwa muda mrefu hata likaanza kuwa na tabia zake. Bomba lilikuwa linatikisika na kupiga kwikwi kama linakataa kumeza. Tulipofika barabara kuu, kamati nzima ilikuwa imesimama nje ya duka la mikate, kila mmoja na kitambaa puani. Bwana Afya alikuwa na bunda la makaratasi meupe chini ya kwapa. Mwenyekiti alikuwa na kiti.

Mimi nilisimama kwenye kibao cha nyuma. Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya. Shangazi alikuwa anaendesha kama aliyebeba mtoto aliyelala. Tuta lililo mbele ya duka la mikate ni baya, limejengwa na mtu aliyewachukia wenye magari. Magurudumu ya mbele yalipanda, yakashuka. Ya nyuma yakapanda.

*Tak!*

Sikuhitaji kutazama. Nilitazama. Kile kioo cha kinyozi kilikuwa kimepigwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini, mwembamba, mnyoofu, mzuri hata. Kwenye mstari huo zikaanza kujitokeza shanga za kijivu, zikavimba, zikaungana, zikateremka kwenye nta ya shangazi bila hata kugusa kitu, kwa sababu palikuwa laini sana. Mwenyekiti alikuwa amesogea ili aone vizuri. Tone la kwanza lilimwangukia kwenye kiatu.

"Nilisema!" alipiga kelele, akiruka kwa mguu mmoja. "Nilisema mimi! Limekwisha! Ondoa uchafu wako mtaani kwangu na usirudi!"

"Uchafu *wangu*?" nilisema. Lakini hakuna aliyenisikiliza.

Shangazi alishuka. Aliutazama ule mstari. Michirizi ilikuwa inaongezeka na watu wanarudi nyuma, wanatema mate, mtoto mmoja anacheka na kuvutwa sikio. Nilingoja atoe leso. Badala yake alinyoosha mkono, mkono mtupu usio na glavu, akaubandika kiganja chake chote juu ya ufa na kukandamiza. Uchafu ukapita katikati ya vidole vyake, ukashuka kwenye kifundo, ukaingia kwenye mkono wa ovaroli yenye mikunjo. Mdomo wake ulikuwa umekazwa.

"Weka beseni!" aliniambia kupitia meno.

Nikaweka beseni. Bwana Afya alikuwa ameanza kukunja makaratasi yake.

"Mama, pole," alisema. "Makubaliano ni makubaliano."

"Tandika makaratasi yako."

"Ya nini tena? Kila mtu ameona."

"Wameona hapa. Chini hawajaona. Kuna ufa mwingine chini, mkubwa kuliko huu. Umelemewa na mzigo wote. Tandika."

Bwana Afya aliutazama uvungu wa lori, akaitazama suruali yake. Hakutaka kuinama, hilo lilionekana wazi. Shangazi akanivuta bega, akauweka mkono wangu pale ulipokuwa wake (nashukuru sana, shangazi), akachukua karatasi moja mkononi mwa Bwana Afya, ikapata alama za vidole vitano, akalala chali barabarani. Ovaroli iliyopigwa pasi. Akajisukuma kwa visigino mpaka uvunguni, kwenye vumbi na ule mchirizi. Tukamsikia anakohoa, kisha sauti ya karatasi ikisuguliwa juu ya kitu.

Alipotoka, nywele zilikuwa zimegandana upande mmoja. Alimpa Bwana Afya karatasi. Ukiondoa vile vidole vitano na vumbi kidogo, ilikuwa kavu.

"Cha chini nilipakiwa na fundi," alisema. "Kina mpira ndani. Ni kibaya kukitazama, kinatapisha. Nacho hakijapasuka. Hiki cha ubavuni fundi alikipaka vilevile, mimi nikakisaga kwa mikono yangu nikaweka hiki kwa sababu kinang'aa. Kosa si la tangi. Nipe nafasi nikirudishe kile kibaya."

"Sheria ni tone moja!" alisema Mwenyekiti.

Bwana Afya alikuwa bado anaigeuza ile karatasi. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia kwa mtu wa viatu vile: alichuchumaa, akapinda shingo, akachungulia uvunguni kwa muda mrefu.

"Kweli kinatia kinyaa," alisema akiwa huko chini. Akainuka. "Mwenyekiti, nikilifuta lori hili leo, mashimo ya mtaa huu atayabeba nani? Wewe una ndoo?"

Watu wakacheka, mara moja, wakiwa bado wameziba pua, kicheko kikatokea masikioni.

"Lori lisimame," alisema Bwana Afya. "Halifanyi kazi mpaka nilikague tena, hivi hivi, na mzigo, na matuta. Likidondosha siku hiyo, mama, usilale tena chini. Nenda nyumbani tu. Na barabara hii mtaiosha sasa hivi."

Tuliiosha. Mimi na shangazi, kwa magoti, kwa brashi na dawa, mbele ya watu walioendelea kusimama kutazama mabaki yao wenyewe yakisuguliwa. Mwenyekiti alituonyesha sehemu tulizoruka. Shangazi alisugua bila kuinua kichwa. Mara mbili alisimama, akaenda nyuma ya lori, akatapika kwa adabu, akarudi.

Tulipofika nyumbani bibi alimtazama bintiye kuanzia nywele hadi viatu. Nilijua utani unakuja. Haukuja. Aliinuka, akaenda kuteka maji mwenyewe.

Fundi Gundi alirudi akajigamba siku nzima na hakuna aliyemkatiza, hata shangazi, ambaye alikaa pembeni akikoroga. Kiraka kilipokuwa kinakauka alikitazama kikibadilika, kutoka chai hadi usaha, akawa anameza mate.

"Ndiyo hivyo?" alimuuliza Fundi.

"Ndiyo hivyo."

"Kinachukiza."

"Sana," alisema Fundi kwa fahari.

Ukaguzi wa pili nitauhadithia kwa ufupi kwa sababu hakuna kilichotokea, na hilo ndilo tulilolitaka. Matuta yote, mzigo ule ule, makaratasi yaliyotandikwa kama kitanda cha hospitali. Bwana Afya aliyaokota moja moja, akayainua juani, akasaini kibali kwenye boneti la lori. Mwenyekiti alisema bado ananusa harufu. Bwana Afya akamwambia harufu haidondoki.

Kazi ya kwanza baada ya hapo? Ya Mwenyekiti. Kwa muda wote lori liliposimama shimo lake lilikuwa limejaa mpaka sakafu ya bafu lake ikawa na mawazo yake binafsi. Alikuja mwenyewe, akaomba kwa sauti ndogo, tukaenda. Nilipofungua mfuniko, kilichokuwa humo kilikuwa kimevimba na kupasuka juu kama mkate uliozidishwa hamira, na kikawa kinapumua. Sijala mkate tangu siku hiyo.

"Harakisheni basi," Mwenyekiti alisema, uso ameuzika kwenye kitambaa.

"Pole pole, baba," shangazi alimjibu akiwasha pampu. "Tumeshika mali ya mtu."

Tulipomaliza tukaingia barabarani tumejaa hadi kwenye mfuniko. Lori likapanda lile tuta baya, likatua kwa kishindo, meno yangu yakagongana. Nilining'inia kutoka kwenye kibao cha nyuma na kukipapasa kiraka cha ubavuni kwa kiganja. Kilikuwa na michirizi ya brashi na vinundu, kibaya vilevile, bila ufa.

"Vipi huko?" shangazi alipaza sauti kutoka dirishani.

Niliutoa mkono nikautazama. Mkavu kabisa. Nikaunusa ili kuhakikisha, jambo ambalo mtu mwenye akili asingelifanya, nikabaki nimeinama pembeni ya lori, natapika.

"Kavu!" nilijibu nilipoweza.

"Sasa mbona unatapika?"

"Kwa furaha, shangazi."

"Tapikia mbali," alisema, akabadili gia. "Nimeliosha asubuhi."